Prometheus (2012): mjiolojia anapoteaje kwenye mahandaki aliyoyapima mwenyewe?

Mpima wa Chini

Wakuu, salaam. Humu nitaitaja picha nzima mpaka mwisho wake, kwa hiyo ambaye bado hajaiona Prometheus na ana mpango wa kuiona, aishie hapa.

Nimeirudia wiki hii kwenye skrini kubwa na spika za maana. Kilichoniuma ilipotoka mwaka 2012 kimeniuma tena palepale, ila sasa najua hasa ni kitu gani, ndiyo maana naandika.

Mwanzo wake sina neno nao. Jitu jeupe, lisilo na unywele hata mmoja, limesimama ukingoni mwa maporomoko ya maji (ni Dettifoss, kule Iceland, maji ya kweli na wala si kompyuta), linakunywa kitu cheusi, mwili unapasuka na kumeguka, linatumbukia mtoni, na ndani ya maji nyuzi za DNA zinaanza kujisuka upya. Hakuna anayesema kitu. Pale nilijiweka sawa kwenye kiti, maana swali lote limeshawekwa mezani: hawa ndio waliotutengeneza? Na kama ni wao, kwa nini baadaye waliandaa silaha ya kutumaliza? Ni swali zito, na aliyelibeba ni Ridley Scott, ambaye hakuwa amegusa filamu za kisayansi tangu Blade Runner ya 1982. Bajeti inatajwa kati ya dola milioni 120 na 130. Noomi Rapace yumo, Michael Fassbender, Charlize Theron, Idris Elba. Ungetaka nini tena?

Halafu tunafika mwaka 2093. Chombo kinatua kwenye mwezi unaoitwa LV-223, watu 17 ndani yake, msafara ambao kwenye hadithi umegharimu dola trilioni moja. Hapo ndipo njia yangu na picha hii inapoachana.

Niseme kazi yangu ili mnielewe. Mimi ni mpima kwenye mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi, Kanda ya Ziwa. Kabla hujashuka unaning'iniza kibao chenye jina lako kwenye ubao wa mlangoni, ukipanda unakiondoa. Shifti ikiisha kibao kimoja kikabaki pale, hakuna anayelipua na hakuna anayepanda basi la kurudi nyumbani mpaka mwenye kibao aonekane kwa macho. Mkurugenzi anafuata, mgeni wa siku moja anafuata. Na baada ya kulipua, hewa inaweza kuwa angavu kabisa na bado ikakuua, kwa sababu kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Anatangulia mwenye kipimo cha gesi, wengine wanasubiri. Hatufanyi hivyo kwa kuwa sisi ni hodari. Tunafanya hivyo kwa kuwa kuna watu walizikwa huko chini ndipo hizo kanuni zikaandikwa.

Sasa mwangalieni Fifield. Ndiye mjiolojia wa msafara. Ndiye mwenye vile vidude vya duara vinavyoruka na kumulika kuta kwa miale myekundu, na anavirusha kwa mkono wake. Ramani ya mahandaki yote inajichora kule kwenye chombo, nahodha Janek anaiona mbele yake ikizunguka. Muda si mrefu Fifield huyohuyo anaogopa maiti, anaamua kurudi na Millburn, na wanapotea. Wanapotea ndani ya mahandaki aliyoyapima yeye! Redio wanayo, nahodha yuko hewani, ramani iko wazi, na hakuna anayewaambia "pindeni kushoto." Wenzao wanakimbia dhoruba, wanafika chomboni, ndipo wanagundua kwamba wawili hawapo. Hakuna aliyehesabu watu mlangoni.

Millburn ni mtaalamu wa viumbe. Amekimbia maiti ya miaka elfu mbili, lakini usiku anapoinukiwa na mnyama wa ajabu, yuko hai, anatanua shingo kama swila, ananyoosha mkono kumbembeleza. Na wakati huo nahodha ameshaondoka kwenye redio, yuko chumbani kwa Vickers, bosi wa kampuni kwenye msafara huo.

Holloway, mmoja wa wanasayansi, anavua helmeti kwa sababu vipimo vimesema hewa inavutika. Inavutika, sawa, lakini ina nini ndani yake? Hakuna anayeuliza, na wenzake wanamfuata mmoja mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Shaw, mwanasayansi anayeigizwa na Rapace, anajifungia kwenye mashine ya upasuaji, anapasuliwa tumbo akiwa macho, anatolewa kiumbe kilicho hai. Ni sehemu ya kutisha kweli, nilishika kiti. Kisha anatoka nje, damu imemtapakaa, anaingia kwenye chumba walichokaa kina David, roboti wa msafara, na mzee Weyland, tajiri mwenye kampuni, na hakuna hata mmoja anayeshtuka. Hakuna anayeuliza kimetokea nini wala hicho kiumbe kimebaki wapi. Kimebaki kimefungiwa humohumo kwenye chombo chao!

Najua wengi humu malalamiko yao ni kwamba picha haikujibu maswali. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo, swali kubwa linaweza kubaki wazi. Shida yangu ni kwamba swali kubwa limekabidhiwa watu wasioiheshimu kazi yao, na mtu wa namna hiyo akifa siogopi, nakasirika tu. Angalieni Alien ya 1979. Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo, anarudi na kiumbe usoni, mwenzake Ripley yuko mlangoni anakataa kufungua: karantini ni saa 24, hata kama nahodha mwenyewe ndiye anayeomba. Kanuni ipo, wote wanaijua, na anayeivunja ni Ash, mwanasayansi wa chombo, kwa sababu zake. Ndipo hofu inapokuingia, maana umeona kabisa mlango ambao haukupaswa kufunguliwa ukifunguliwa.

Maswali yangu kwa wanaojua: nasikia kuna sehemu nyingi zilikatwa. Zinarekebisha haya? Na Alien: Covenant niiangalie au niache?

Maabara Kagera

Dada Mpima, umenigusa. Mimi nipo maabara ya hospitali, na ile sehemu ya helmeti huwa naisimamisha pale.

Watu hudhani hatari ya pangoni ni hewa tu. Sisi wa huku tunajua vingine. Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, wachimba dhahabu waliugua Marburg, homa kali ya virusi, kuanzia 1998 hadi 2000. Watu 154 waliugua, 128 wakafariki. Walikuwa wanaingia kwenye mgodi wenye popo, na ugonjwa uliisha mgodi ulipojaa maji. Mwaka 2007 ikawa Kitaka, Uganda, mgodini tena. Hewa ya mle ilikuwa inavutika vizuri tu. Mwaka 2023 Marburg ikaja hapa Kagera, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Wakati ule nililoona kwa karibu ni jinsi watu wanavyovua mavazi ya kinga. Kuvaa ni rahisi. Kuvua ndiko kunakoua: mtu amechoka, ana joto, anataka kujifuta jasho usoni. Ndiyo maana anasimama mwenzako mbele yako, hafanyi kazi nyingine yoyote, anakusomea hatua moja moja: nawa glavu, fungua kamba ya nyuma, kunja gauni ndani nje, nawa tena, usiguse uso. Ukiruka hatua anakusimamisha.

Msafara wa trilioni moja ungekuwa na mtu huyo. Na si lazima tuwazie mwaka 2093. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 walirudi na vumbi na mawe tu, wakafungiwa karantini ya siku 21 tangu siku waliyoondoka mwezini. Hiyo ni historia, Scott na watu wake walikuwa nayo mikononi. Wangeitumia, picha ingetisha mara mbili: kila mtu anafuata utaratibu, na bado kitu kinapita.

Kuhusu Shaw, ile mashine inambana ngozi kwa pini za chuma, halafu baada ya dakika chache anakimbia, anaruka, anabiringika. Mama aliyetoka kwenye upasuaji wa uzazi anainuliwa kitandani na watu wawili. Hapo sina la kuongeza.

Mkaaji wa Trans Nzoia

Daktari umesahau yetu. Pango la Kitum, Mlima Elgon, huku Kenya, watu waliotembelea hapo walipata Marburg 1980 na tena 1987. Ni pango zuri sana, ndovu huingia usiku kulamba chumvi ukutani. Mimi nimekulia karibu na hapo na nilipoona hao wanasayansi wakitoa helmeti nilimwambia mke wangu hii sinema imekwisha.

Mzee wa Kanda

Binti yangu, nimesoma maelezo yako yote, na kuhusu Fifield sikupingi. Yule ni aibu ya waandishi. Lakini naomba unisikilize mahali pawili.

La kwanza ni Vickers. Umesema kanuni haipo kwenye Prometheus. Ipo, na anayeisimamia ni yeye. Holloway anarudishwa mgonjwa, mishipa imekuwa myeusi, Shaw analia, nahodha anasita, na Vickers amesimama pale mlangoni na bomba la moto: huyu haingii. Anamchoma kweli. Ule ni mlango wa Ripley uleule, ila safari hii umebaki umefungwa.

La pili ni David. Nadhani ukiiangalia picha ukiwa na wanasayansi utakasirika, ila ukiiangalia ukiwa na yule roboti utaona kitu kingine. Kuna pale wanapocheza biliadi, Holloway amelewa huzuni kwa kuwa majitu yote wameyakuta yamekufa. David anamuuliza kwa nini binadamu walimtengeneza yeye. Holloway anamjibu kwa dharau: kwa sababu tuliweza. David, kwa upole kabisa, anamwomba awaze yeye angejisikiaje kupewa jibu hilo na muumba wake. Kisha anamuuliza yuko tayari kufika wapi ili apate majibu, Holloway anasema popote, na David anatumbukiza kwenye kinywaji chake tone jeusi alilolitoa kule mahandakini. Amemwomba ruhusa na amepewa, mwenyewe hajui! Nimeangalia picha tangu enzi za kanda za VHS, na sehemu zilizoandikwa kwa ustadi huo ni za kuhesabu. Fassbender anasimama pale mikono imetulia, hata macho hayapepesi.

Mwisho Weyland, tajiri aliyemtengeneza David, anafika mbele ya jitu kuomba maisha marefu. Jitu linamng'oa David kichwa na kumpiga nacho Weyland. Muumba na kiumbe wake wanaangushwa kwa pigo moja. Hiyo ndiyo picha yenyewe, na ni kubwa.

Sasa maswali yako. Hadithi ya kwanza iliandikwa na Jon Spaihts, ikiwa imeungana wazi na Alien, hata sayari ilikuwa ileile ya 1979. Akaletwa Damon Lindelof kuiandika upya na kuitoa mbali na Alien. Unaona alama za mshono huo picha nzima: huku maswali ya imani na msalaba wa Shaw, kule watu wanaokufa kwa zamu, na waliobaki katikati ni wanasayansi wako.

Sehemu zilizokatwa zipo kwenye diski na zinasaidia kidogo. Kuna moja ambayo Millburn mapema kabisa anakuta kijidudu kidogo mle ndani, hakina madhara, na wote wanashangilia kiumbe cha kwanza cha dunia nyingine. Ukiiona hiyo, unaelewa kwa nini usiku ananyoosha mkono. Walikata kitu cha muda mfupi wakamwacha mtu mzima aonekane hana akili. Nyingine ni jitu kuzungumza. Kwenye picha ya sinema David anasema naye kwa lugha ya kale iliyotayarishwa na mwanaisimu wa chuo cha SOAS, London, na jitu linanyamaza na kuua. Kwenye iliyokatwa, jitu linajibu, mazungumzo yanakwenda na kurudi. Mimi ningeiacha ibaki.

(Nikiwa hapohapo, vijana wengi hawajui kwamba dubwana la Alien ya 1979 ndani yake alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa aliyekuwa London, mrefu na mwembamba kupita kiasi. Na jitu la mwisho la Prometheus nalo ni mtu, Ian Whyte, amevalishwa. Ndiyo maana yote mawili yana uzito ukiyaangalia.)

Covenant, ya 2017, kwa hali yako usiiguse. Wanatua kwenye sayari ngeni bila helmeti kabisa, wanavuta vumbi la uyoga la kule.

Kijana wa Kibandani

Nilikuwa nasaidia kibanda cha video Mbagala enzi hizo, tulikuwa na nakala iliyotafsiriwa Kiswahili. Mtafsiri alimpa jitu maneno! Pale Weyland anapoomba, jitu kwenye tafsiri lilisema kwa sauti nzito kwamba liliwapa binadamu dunia nzuri, wao wakaua na kuharibu, na sasa wamekuja bila haya kudai na umri. Watu wazima walinyamaza kimya, kuna mzee alisema "kweli tupu." Nilikuja kuiona ya Kiingereza baadaye, nikashangaa kwamba jitu halisemi kitu.

Ila pale chombo cha majitu, kile cha duara, kinapobiringika na Vickers na Shaw wanakimbia kwenye mstari mmoja nacho, kibanda kizima kilikuwa kinapiga kelele: "Kaa pembeni! Pembeni dada!" Kila siku, kila onyesho.

Mpima wa Chini

Ahsanteni sana wakuu. Maabara, yule mtu anayekusomea hatua za kuvua nimemwelewa kabisa, sisi huku yupo mmoja anayesimama kwenye ubao wa vibao na hana kazi nyingine. Mkaaji wa Trans Nzoia, Kitum nilikuwa naisikia tu, sikujua habari ya Marburg.

Mzee, shikamoo. La David nalipokea lote. Nimeirudia ile ya biliadi jana usiku baada ya kukusoma, nikaona jinsi anavyolishika lile tone kwenye ncha ya kidole muda wote anauliza, kabla hajapata jibu. Angekataliwa, nafikiri angekifuta kile kidole na kuondoka. Hilo limeandikwa na mtu anayejua anachofanya, ndiyo maana nazidi kuumia: uwezo walikuwa nao.

Lakini la Vickers ndilo linalonipa hoja zaidi. Ni kweli, ndiye pekee kwenye msafara mzima anayefanya kile ambacho kazi inadai. Na picha inamtendea nini? Tangu mwanzo inatuonyesha kwamba ni mbaya, hana moyo, nahodha anamuuliza kama yeye ni roboti. Anamzuia mgonjwa asiingize ugonjwa kwa wenzake, na kamera inabaki kwenye kilio cha Shaw. Mwishoni anapondwa na chombo kwa kukimbia moja kwa moja, jambo ambalo kibanda cha Mbagala kizima kiliona njia ya kulikwepa. Na kabla ya hapo, waliobaki chomboni, wakijua wana watu wamepotea kwenye mahandaki yenye maiti, wanaona ishara ya Fifield nje ya mlango wao, hawaulizi amefikaje, wanafungua na kutoka kumtazama. Wanauawa. Yaani mlango uliofungwa kwa moto unafunguliwa tena na watu walioshuhudia kwa nini ulifungwa.

Mzee, kama ungekuwa wewe unaandika, usingemwacha Vickers hai mpaka mwisho, abaki na Shaw? Mmoja anataka kujua, mwingine anataka watu warudi salama, na wote wawili wana sababu. Hiyo ningeilipia tiketi.

Kijana, nakala ile ya tafsiri bado unayo au unajua aliyenayo? Naitafuta kwa dhati, hata kwenye flashi. Nataka kumsikia jitu akijibu. Zile zilizokatwa kwenye diski nitaziangalia wikiendi nikitoka shifti. Covenant naiacha.

Mzee wa Kanda

Marahaba binti. Vickers na Shaw pamoja... nimekaa nayo hiyo asubuhi nzima. Ningemwacha hai. Na ningempa yeye zile ramani za Fifield.

Kijana wa Kibandani

Dada, bosi wangu wa zamani alihamia Chanika na madiski yake yote. Nitamtafuta Jumamosi nikuletee jibu hapahapa.